Fibromayalgia: kidonge cha usiku au kutembea asubuhi?

Fibromayalgia ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyokwisha. Kwanza tuiweke kando diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Hapa hakuna uvimbe wa kutuliza. Ni mfumo wa neva unaokuza maumivu, kama redio iliyofunguliwa hadi mwisho. Ndiyo maana vipimo vya damu na eksirei hurudi safi huku mtu akishindwa hata kukamua kanga.

Kidonge cha usiku ni amitriptilini: kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kabla ya kulala. Ni ya bei nafuu na huwafaa hasa wanaoamka wamechoka kuliko walivyolala. Ila kinywa hukauka, na asubuhi kichwa huwa kizito. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari mapema.

Mazoezi hayana gharama, lakini wiki za mwanzo yanauma, na wengi huachia hapo. Kinachoponza ni pupa: siku ya nafuu unafua, unadeki, unakwenda sokoni, kisha siku tatu hujiwezi. Anza na dakika tano za kutembea, ongeza kidogo kidogo. Katika mwongozo wa EULAR, umoja wa Ulaya wa wataalamu wa magonjwa ya viungo na misuli, uliotolewa 2016, ni mazoezi pekee yaliyopendekezwa kwa nguvu. Mimi ningeanza na miguu. Kidonge ningekiongeza usingizi ukigoma.