Nyasi za zambarau za mapambo au podo? Uzoefu wangu kwenye ploti ya Nakuru

Muuzaji wa miche akikuambia kwamba mmea wake unastahimili ukame, muulize pia utakuwa na rangi gani mwezi wa Februari. Jibu la swali hilo ndilo lililonitenganishia mimea miwili niliyoipanda pamoja kwenye ploti yangu, upande wa mteremko unaoshuka kutoka Menengai. Mmoja ni nyasi za mapambo, zile za vichaka zenye majani ya zambarau na masuke marefu laini yanayoinama kama mkia wa farasi. Wa pili ni podo, mti wa asili wa milima yetu ambao wazee wa Kikuyu huuita muthengera. Nyasi hustahimili ukame kwa kukauka na kungoja mvua. Podo hubaki kijani mwaka mzima, ila ikiwa changa, kijani hicho hutoka kwenye mtungi wako wa maji.

Nilianza bustani hii mwaka 2021, mwaka ambao Nakuru ilipewa hadhi ya jiji. Uliofuata ukawa mwaka wa ukame sehemu nyingi za Kenya, kisha Aprili 2024 zikaja mvua zile zilizoleta maafa Mai Mahiu. Mimea yote miwili imepita katika kiu na katika mafuriko, na ndiyo maana naona sasa naweza kuizungumzia.

Nianze na nyasi, kwa kuwa ndizo zilizonifurahisha mapema. Kwa bei ya mche mmoja wa podo uliofika kiunoni nilipata mifuko kama mitano ya nyasi. Zilishika haraka, na kabla mwaka haujaisha vichaka vilikuwa vimejaa na kutoa masuke. Udongo wetu hapa ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unapitisha maji upesi mno, na mimea mingi ya maua huuchukia. Nyasi hizi zinaupenda. Mama wa kitalu aliponiuzia alisema, "Dada, hii usiimwagilie kila siku wala usiijaze samadi. Ukiibembeleza inalala chini." Ni kweli kabisa. Vichaka vilivyo karibu na mfereji wa jikoni, vinavyopata maji bila kuomba, vilirefuka na kulala ovyo. Vile vya kwenye mawe vimesimama wima hadi leo.

Zinachotaka ni jua. Chini ya kivuli, ile rangi ya zambarau hufifia ikawa kijani kichafu na masuke hupungua. Kazi yake kwa mwaka ni ndogo: mwanzoni mwa Machi, kabla ya mvua ndefu, nafunga kila kichaka kwa kamba na kukikata kikabaki kama shibiri moja. Baada ya miaka michache kichaka huanza kufa katikati, basi unakichimba, unakipasua kwa jembe, unapanda vipande vya pembeni upya. Majirani kadhaa wamepata nyasi zao kwangu kwa njia hiyo.

Sasa njoo Februari. Mvua fupi zimekwisha, upepo umeanza kuinua vumbi, na vichaka vyote vimekuwa rangi ya majani ya kuezekea. Havijafa, na ukichimba utaona mizizi iko hai. Lakini mgeni akiingia getini anaona bustani kavu, na vumbi linapita juu ya nyasi hadi sebuleni kwa sababu haziwezi kuzuia chochote kilicho juu ya kifua. Kuna pia suala la moto. Kichaka kikavu hushika haraka sana, kwa hiyo kisipandwe karibu na mahali mnapochomea takataka au mnapokokea jiko la makaa.

Hapa lazima nitenganishe aina mbili, kwani kwenye vitalu huuzwa bega kwa bega. Hii ya zambarau kwa kawaida haizai mbegu zenye uhai. Unaiongeza kwa kuipasua tu. Ile ya kijani, ambayo wataalamu huiita Cenchrus setaceus, hutoa mbegu nyingi nyepesi zinazopeperuka na upepo. Asili yake ni Afrika, kaskazini na hata huku Mashariki, na kwao ina mahali pake. Ila ilipopelekwa Hawaii kama pambo la bustani ilitoroka, ikafunika nyanda za mawe ya volkano, na leo ni gugu linalopigwa vita kwa sababu linakuza moto. Sisi tunaoishi chini ya Menengai, penye mteremko mkavu na malisho ya watu, hatuna sababu ya kupanda inayopeperuka. Ng'ombe nao hawaithamini ikishakomaa. Ukiambiwa ni zilezile tu rangi tofauti, usikubali.

Podo ilinichosha mwanzoni, nakiri hivyo bila kuisema vibaya. Ukuaji wake ni wa polepole, na katika viangazi viwili vya kwanza inakutegemea wewe. Maji ya mfereji kwetu hayaji kila siku, kwa hiyo kila mti nilikuwa nauwekea mtungi wa lita 20 kwa wiki, jioni, nikimimina taratibu ndani ya bakuli la udongo nililolichimba kuzunguka shina. Ukimwaga kwa pupa, maji yanakimbia na mteremko. Kilichosaidia kuliko yote ni matandazo, na matandazo yenyewe yalitoka kwenye zile nyasi nilizozikata Machi. Nazitandika kwa unene wa kiganja, mbali kidogo na shina ili lisioze. Kwa kuwa ni aina isiyo na mbegu hai, hakuna kilichochipua. Ukiwa na ile ya kijani usifanye hivyo.

Tangu mizizi ishike, sijaimwagilia. Sasa imepita ukuta, na Februari ndipo inapoonyesha thamani yake. Majani membamba, mazito, ya kijani iliyokolea, yamesimama kati ya barabara ya vumbi na madirisha yangu. Nguo zikianikwa upande wa nyuma zinakauka safi. Haipukutishi majani kwa mkupuo kama mijakaranda ya mjini, hivyo kufagia ni kidogo. Inakubali makasi vizuri, na nimeona watu wakiipanda kwa mstari na kuikata ikawa ua mzito kabisa. Kwangu hilo ni bora kuliko saiprasi. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi ua za saiprasi zilivyokauka na kuwa kahawia baada ya vidukari wake kuingia Kenya mwaka 1990. Podo sijaona ikiugua hivyo.

Ina masharti yake. Huu ni mti wa msituni unaoweza kupita mita 30 ukiachwa ujitanue, kwa hiyo kwenye ploti ya hamsini kwa mia usipande zaidi ya mmoja au miwili, na uwe mbali na nyumba, ukuta na shimo la choo. Mimi nimeacha mita sita na bado naona ningeongeza kama ploti ingeruhusu. Halafu, podo ina miti ya kiume na ya kike, na mche mdogo haukuonyeshi ni upi. Anayetaka matunda ya kuvutia ndege itabidi apande zaidi ya mmoja na awe na subira ya miaka mingi.

Mvua za 2024 zilinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Maji yaliposhuka kutoka juu yalikata mifereji kwenye udongo, lakini palipokuwa na mstari wa nyasi yalipunguza kasi na kuacha matope nyuma yake. Mpaka leo pale pana kingo ndogo ya udongo mzuri. Kwenye podo ambayo matandazo yake yalikuwa yamekwisha, maji yalichimba hadi mizizi ya juu ikaonekana, ikabidi nirudishe udongo kwa karai. Kama shida yako kubwa ni mmomonyoko, kwa kweli usinunue hata hizi za mapambo. Nunua nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake hushuka zaidi ya mita tatu.

Kwa hiyo napangaje? Mpangaji anayetaka uwanja upendeze mwaka huu achukue nyasi za zambarau, kwani akihama anazichimba na kwenda nazo. Mwenye nyumba yake, hasa kando ya barabara ya vumbi, kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, achukue podo, hata kama mwaka wa kwanza ataona kijiti tu. Nyasi zitafuata baadaye kwenye kingo za njia na mteremko.

Mkienda kununua podo, nendeni mvua ndefu zikianza, na msichague mche mrefu kuliko yote. Mwombeni mwenye kitalu afungue chini ya mfuko. Mizizi ikiwa imejizungusha mle ndani mara nyingi, mche huo umekaa sana na utahangaika kushika. Mfupi wenye mizizi iliyonyooka na ncha ya juu isiyovunjika utaupita baada ya muda, nao kwa kawaida ni wa bei nafuu.