Programu ya Mercury katika darasa la kemia, Makete
Muhula huu nimeitumia Mercury, programu ya kompyuta inayoonyesha jinsi atomi zilivyopangika ndani ya fuwele, inayotolewa na kituo cha data za fuwele cha Cambridge, Uingereza, kuwafundishia wanafunzi wa kidato cha tano nguvu za mvutano kati ya molekuli, hapa Makete ambako sakitu tunaikanyaga asubuhi za Juni. Tulifungua muundo wa barafu. Mwanafunzi akabofya mstari wa nukta unaoonyesha bondi ya haidrojeni (mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani yake), molekuli nyingine ikajitokeza, akabofya tena, hadi akajionea kwamba kila molekuli ya maji imeshikamana na nne, na katikati umebaki uwazi unaoifanya barafu ielee. Toleo la msingi halina malipo. Kompyuta tunazo mbili tu, nami natamani kila mmoja aupime mwenyewe umbali ule wa takriban pikomita 276 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita) kati ya oksijeni na oksijeni.