Pakiti ya vipimo vya nyonga Nairobi: majibu ya haraka, ugonjwa bado haujulikani

Kliniki nyingi za binafsi katikati ya Nairobi, na siku hizi hata mitaani kama Umoja na Kasarani, humuuzia mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini pakiti moja: kipimo cha mkojo, usufi wa ukeni (kijiti chenye pamba cha kuchukulia ute) na altrasaundi. Ukiingia asubuhi, kufikia adhuhuri majibu unayo mkononi. Kwa kasi tunaisifu. Kwa kutambua ugonjwa tunaipa nusu ya alama, na kosa mara nyingi liko kwenye mpangilio wa kazi, si kwenye mashine.

Chukua mkojo. Mapokezi hukuambia unywe maji mengi ili kibofu kijae kwa ajili ya altrasaundi, kisha ndipo unapewa kikopo. Huko ni kuanzia mwisho. Mkojo uliochujuka kwa maji huficha maambukizi. Kijiti cha kupimia naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo, hufanya kazi vizuri kwa mkojo uliokaa kibofuni kwa muda wa saa nne hivi. Toa mkojo kwanza, ule wa katikati baada ya kuachia wa mwanzo, halafu unywe maji kama lita moja na usubiri saa moja. Kijiti kikionyesha chembe nyeupe za damu peke yake, hiyo bado si UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kwani uchafu wa ukeni ukichanganyika na mkojo huleta jibu hilohilo. Dai mkojo uoteshwe maabara kabla ya kumeza antibiotiki. Majibu huchukua siku mbili tatu, na kwa kawaida hulipiwa kando. Anayetibiwa UTI kila mara bila mkojo kuoteshwa hata mara moja huenda ana kibofu kinachouma pasipo vijidudu vyovyote.

Usufi huonyesha fangasi na trikomona. Klamidia hauioni, hiyo yataka kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kijidudu. Seli za usaha zilizoandikwa kwenye karatasi hazithibitishi PID (maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija yake), ingawa dawa za wiki mbili hutolewa kwa msingi huo tu. PID hutambuliwa hasa kwa mkono: mlango wa kizazi ukisogezwa, mgonjwa husikia maumivu. Pakiti haina uchunguzi huo, na kwetu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote. Katika uchunguzi huohuo, kidole kikibonyeza misuli ya sakafu ya nyonga, kushoto na kulia, hugundua misuli iliyokaza, inayoleta maumivu wakati wa tendo la ndoa na haja ya kukojoa kila mara. Mwenye hali hiyo akiambiwa afanye mazoezi ya Kegel, yaani ya kukaza misuli hiyo, anaweza kuumia zaidi. Amwone mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe kuilegeza.

Altrasaundi ndiyo inayouza pakiti. Ya juu ya tumbo huona vizuri faibroidi na vivimbe vikubwa vya ovari, basi. Ya ndani ya uke, kibofu kikiwa kitupu, huona zaidi: uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya zamani, ukuta wa mfuko wa uzazi ulionenepa kwa adenomiosisi (tishu ya ndani ya mfuko kuota ndani ya ukuta wake), ovari iliyogandamana na viungo jirani. Uliza unapoweka miadi kama ya ndani imo kwenye bei. (Ambaye hajawahi kufanya ngono, au asiyeitaka, ana haki ya kuikataa.) Hata hiyo ya ndani haioni madoa madogo ya endometriosisi (tishu inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake) kwenye utando wa tumbo, kwa hiyo neno "kawaida" kwenye ripoti halifungi kesi. Mwongozo wa endometriosisi wa 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, unaruhusu kuanza matibabu ya homoni kwa asiyetafuta mimba bila kwanza kufanyiwa laparoskopi (upasuaji wa tundu dogo wa kuchungulia tumbo kwa kamera).

Jihadhari na sentensi moja ya ripoti: "majimaji kidogo nyuma ya mfuko wa uzazi." Mara nyingi hayo ni ya kawaida, hasa yai linapotoka, lakini wengi hutoka kliniki na cheti cha PID kwa sababu yake. Uvimbe wa ovari wenye maji tupu usiozidi sentimita 3 nao kwa kawaida ni wa mzunguko wa hedhi tu.

Fomu ya kuombea kipimo ikiandikwa "maumivu ya tumbo" tupu, mpigaji picha hana cha kutafuta. Iandikwe maumivu huanza siku ya ngapi ya hedhi, na kama haja kubwa huuma siku hizo. Ukiondoka, beba picha zenyewe pamoja na ripoti. Daktari wa pili hawezi kupima upya maandishi.