Mafuta ya peremende kwenye chokoleti ya Krismasi: uzoefu wangu

Nimemaliza chupa mbili za ml 10 za mafuta haya ya mnanaa, karibu yote kwenye ile chokoleti ya Krismasi ambayo Wamarekani huiita peppermint bark: tabaka la chokoleti nyeusi, nyeupe juu yake, kisha pipi za bakora (zile za mistari myekundu na myeupe) zilizopondwa.

Kwa kazi hii yanaishinda arki (ile ladha ya kimiminika ya kutilia keki), na sababu ni maji. Arki nyingi zina maji au kileo, na kijiko kimoja cha chai kikiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, inashikana mabonge hata mwiko haupiti. Mafuta huingiana na siagi ya kakao bila ugomvi.

Ila ni makali. Kwa gramu 300 za chokoleti nyeupe naanza na matone 5, naonja, na sivuki 8. Kizibo ni kibovu: ukiinamisha chupa yanatoka matone matatu kwa mpigo, kwa hiyo dondoshea kwenye kijiko kwanza. Soma lebo pia. Yale ya kuchulia misuli si ya kula.

Mafuta mazuri hayaokoi chokoleti iliyoyeyushwa ovyo. Ile nyeusi, yeyusha gramu 200 juu ya mvuke hadi nyuzi 45, epua, tia gramu 100 zilizokatwakatwa, koroga hadi ishuke 31 au 32. Nyeupe isipite 42, na uimwage ikiwa 28 au 29. Bila kipimajoto utapata chokoleti laini yenye mabaka ya kijivu, inayopinda badala ya kukatika kwa mlio.

Matabaka yakibanduka wakati wa kuvunja, ujue nyeupe ilichelewa. Imwage wakati nyeusi imeshika lakini bado inanata kidogo kwenye kidole. Ukiwahi mno, nazo zinachanganyika.

Pipi zichekeche, unga wake changanya kwenye nyeupe, vipande nyunyiza juu papo hapo. Usiache sinia wazi kwenye friji: sukari huvuta unyevu, wekundu unatiririka, juu panakuwa gundi. Pwani, ambako chumba kina nyuzi 30, gandisha kwenye chombo chenye mfuniko, na ukikitoa usikifungue mpaka baridi yake iishe. Kiwe peke yake, maana biskuti zilizo karibu zitanuka dawa ya meno.

Nyota 4. Moja nimeikata kwa ajili ya kile kizibo.