RTX 3060 ya GB 12 na RTX 4060 ya GB 8: nimezitumia zote mbili nikairudia ya zamani

Wakuu, hizi kadi mbili za picha (GPU) za Nvidia, hizo GB ni memori ya ndani ya kadi, nimekaa nazo mda wa kutosha, zote kwenye mashine yangu ileile, prosesa Ryzen 5 3600, bodi ya B450, ramu GB 32, kwahiyo ninachoandika hapa sijahadithiwa. 3060 ya GB 12 nilikuwa nayo zaidi ya miaka miwili, nikaja kuchukua 4060 nikiamini napanda daraja, ile ya zamani nikampa mdogo wangu. Wiki sita baadae nikamfata tubadilishane.

Nianze na uzuri wa 4060 maana upo mwingi na sitaki kuionea. Kwanza imetulia. 3060 inakula mpaka wati 170, hii ni wati 115, ukisoma unaona ni namba tu ila ukiwa umefunga mlango usiku unacheza masaa matatu mfululizo unaisikia tofauti mwilini kabisa, ile hewa ya moto iliyokuwa inanipiga gotini toka nyuma ya kesi ikapotea. Gemu za kawaida kwenye 1080p (skrini ya Full HD) zikaongezeka fremu, yani picha kwa sekunde, kama asilimia 15 hadi 20, inategemea na gemu. Alafu kuna ile ya kutengeneza fremu za katikati inayokuja na DLSS 3 (teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu), hiyo 3060 haina. Niliiwasha kwenye Cyberpunk 2077, picha ikawa laini mno, niliipenda kweli. Ila jua kwamba zile fremu za katikati hazifanyi mausi iwe nyepesi, kadi inazibuni kati ya fremu mbili za kweli, so kama za kweli ni chache mkono utajua tu hata kama jicho limedanganyika. Na anayerekodi au kurusha laivu, 4060 inaenkodi AV1 (aina ya kubana video), 3060 inaweza kuicheza tu.

Hapo ningeishia ningesema nunua 4060. Shida ni kwamba mi sichezi tu, natumia Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, karibu kila siku.

Kwenye sini (mandhari ya 3D) ndogo 4060 ilikuwa inanifurahisha jamani, inamaliza kurenda, yani kutoa picha ya mwisho, mapema kuliko 3060 na sio kidogo, unaona kabisa ni kizazi kipya. Siku moja nikafungua sini ya ua, kuna miti mingi, ukuta wa mawe, sakafu ya vigae, tekscha (picha zinazovalishwa juu ya vitu) karibu zote za 4K. Ni sini ambayo kwenye 3060 ilikuwa inachukua GB 9 na ushee na nilishairenda mara nyingi bila hata kuwaza. Nikabonyeza renda huku nimefungua Task Manager ya Windows pembeni, memori ikapanda 6, 7, 7.6, ikagoma hapo. Sasa chini yake kuna mstari wa memori ya GPU ya pamoja, yani ramu ya kompyuta ambayo kadi inaazima, ule siku zote umelala tu, nikauona unanyanyuka. Pale pale kasi ikafa. Mausi ikawa inarukaruka, makadirio ya mda yakawa yanaongezeka badala ya kupungua, nikakatisha. Nikajaribu tena nimefunga kila kitu, brauza, muziki, vyote, safari hii ikakataa kabisa, ujumbe unasema memori ya GPU imeisha.

Nilikaa nikaifikiria ile kitu mpaka nikaelewa kinachotokea, na hapa ndo nataka muelewe vizuri. Data ikiwa ndani ya kadi, 4060 inaisoma kwa GB 272 kwa sekunde. Ikijaa, kinachobaki kinawekwa kwenye ramu ya kompyuta, na kukifata inabidi kadi ipite PCIe, ile njia inayoiunganisha na bodi. 4060 inatumia njia 8 tu za PCIe wakati 3060 inatumia 16. Bodi yangu B450 ni PCIe 3.0, njia 8 hapo ni kama GB 8 kwa sekunde. Yani unatoka 272 unaenda 8! Kadi iwe na nguvu kiasi gani hapo inakaa inasubiri. Mwenye bodi ya PCIe 4.0 anapata kama 16, ni afadhali lakini bado ni mbali sana na 272.

Wengi wanaiponda 4060 kwa sababu ya upana wa memori, biti 128 wakati 3060 ni 192 na inasukuma GB 360 kwa sekunde. Mi hiyo siioni kuwa ndo kesi. 4060 imewekewa kashe ya L2 (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu) ya MB 24, 3060 ina MB 3 tu, kwahiyo vitu vingi inavipata hapohapo bila kwenda kwenye memori, ndo maana kwenye 1080p inaishinda na upana wake mdogo. Kashe inasaidia kasi, haiongezi nafasi. GB 8 zinabaki GB 8.

Kwenye gemu pia niliiona ila kwa namna nyingine. Kuna moja nimeweka tekscha juu kabisa, nikigeuza kamera haraka ukuta unatokea umefubaa kama umepakwa tope, sekunde moja mbili ndo maandishi yake yanasomeka. Na muda wote huo kaunta ya fremu kwenye kona iko poa tu, wastani mzuri. Kwahiyo ukiangalia majaribio ya watu usiishie kwenye wastani, tafuta zile fremu za chini za asilimia 1 (kasi pale gemu linapokwama zaidi), na uangalie kama aliyejaribu alitumia PCIe 4.0 wakati wewe una 3.0. Nikashusha tekscha hatua moja tu yote yakaisha, so kwa anayecheza 1080p tu wala hilo lisimtishe.

Kitu kingine muhimu sana, ukienda kutafuta 3060 soma boksi vizuri. Kuna 3060 nyingine ya GB 8, jina ni hilohilo, ila upana wake ni biti 128 na kasi ya memori ni GB 240 kwa sekunde. Hiyo sio hii ninayoisifia, inakosa hicho hicho kinachofanya mtu aichukue 3060. Kama boksi halijaandikwa GB 12 achana nayo.

Mdogo wangu alikubali bila ubishi, bodi yake ni PCIe 4.0, anacheza gemu tu na monita yake ni 1080p, kwake 4060 imekaa mahali pake haswa. Draiva hata hatukuhangaika nayo, tulibadilisha kadi tukawasha. Mimi nina 3060 yangu, joto la gotini limerudi, na ile sini ya ua inarenda hapa pembeni wakati naandika, GB 9.3, fremu ya 112 kati ya 240 na haijakwama hata mara moja.