Mshauri wa mazingira aliyeanza kwa kuhesabu ndoo

Nina karakana ya vikoi Mikindani, vitanda vinne vya mfumi. Uzi mweupe wa pamba naagiza Dar, rangi natia mwenyewe uani. Mwaka jana mteja wa hoteli alitaka kuona mpango wangu wa usimamizi wa mazingira kabla ya kutoa oda, na mimi kila nikiwaza NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na ile sheria ya mazingira ya 2004 usingizi unapaa. Nikamchukua mkandarasi mmoja, jina naliacha, aandike mpango na kuchimba mashimo ya maji machafu.

Kijana wake alipofika hakuuliza makaratasi. Aliomba ndoo, akahesabu: lita 200 za maji kwa uzi kilo 10. "Dada, hapa unapika maji, hupiki uzi." Bluu nzito tunaitilia chumvi gramu 60 kwa lita, yaani kilo 12 kila pipa, na yote inaishia kwenye mfereji, kwa sababu kazi yake ni kuisukuma rangi kwenye uzi tu. Tukashuka hadi lita 120, mafungu ya uzi yakigeuzwa kwa fimbo bila kupumzika. Chumvi sasa ni kilo 7 na ushei, magadi ya kushikiza rangi yamepungua, kuni zimepungua. Tunaanza na njano, nyeusi mwisho, na maji ya suuza ya mwisho yanasuuzia mzigo unaofuata.

Tamaa ikaniponza. Nikanunua chumvi ghafi ya majaruba ya huku kwetu, rahisi kweli. Uzi ukatoka na mabaka kama chui! Kumbe ina madini ya kalisi na magnesi, rangi haishiki sawasawa. Kilo 10 zote nikazipiga nyeusi.

Sasa malalamiko. Rasimu ya kwanza ilitaja "mto unaopita kando ya kiwanda". Mto gani? Kwangu kuna ghuba na mikoko. Mkandarasi alinakili kazi ya watu, na kuirekebisha kulichukua wiki tatu. Halafu shimo la pili lilikaa chini mno. Machi mvua zilipokolea likafurika, bata wa jirani wakawa wanatembea na miguu ya bluu. Alikuja kuinua kingo kwa matofali bila kunitoza, ila baada ya simu nane.

Shimo la kwanza nalipenda. Maji ya magadi yanatoka na pH, kile kipimo cha ukali wa maji ambacho 7 ndiyo katikati, ya 11 hivi, na kiwango kinachoruhusiwa kumwagwa ni 6.5 hadi 8.5. Yanapoa humo, tunatia asidi ya siki kidogo kidogo, tunachovya karatasi ya kupimia, tunaandika kwenye daftari. Rangi yenyewe bado inaonekana kwenye maji, na juu ya hilo mpango wake una mstari mmoja tu. Kwa pesa niliyotoa, nilitarajia ukurasa.

Nyota tatu. Mkimwita, nusu ya malipo ibaki kwenu mpaka mvua ya Machi iyapitie mashimo.