Kanzu ya marehemu baba na dobi wa mlango wa kioo

Nimesubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, basi naandika nazo.

Nilipeleka kanzu kwa dobi. Si kanzu ya kila Ijumaa. Ni ya marehemu baba, pamba tupu, nyeupe, shingoni ina kasiri, yaani nakshi ya uzi, ya mkono, kazi inayomweka fundi ameinama siku nyingi. Baba aliishonesha Zanzibar enzi za ujana wake, akaivaa mara za kuhesabu, na tulipoikuta sandukuni baada ya mazishi bado ilikuwa inanukia udi. Mwanangu akasema ataivaa siku ya nikahi yake. Mimi nikaogopa kuifua. Nikasema wenye kazi yao wapo, lile duka jipya pale mtaani, lenye mlango wa kioo na mashine zinazozunguka mpaka mpita njia anaziona. Elfu tano nikatoa bila kuuliza punguzo.

Ilirudi imekunjwa vizuri mno, kasiri imekaa juu, pasi imenyooka. Nimefika nyumbani nikaikunjua kitandani. Mgongoni mpaka kwenye pindo, madoa. Rangi ya chai iliyopoa. Yamefuata mikunjo kabisa, kama nguo iliyolowekwa ikiwa imekunjwa ikasahauliwa humo.

Nikarudi jioni ile ile, hata kitambaa cha kichwa sikukifunga sawasawa. Binti wa kaunta akaitazama kidogo, akasema, "Mama, hayo ya jasho, yalikuja nayo."

Nikamwambia, "Mwanangu, jasho hutoka kwapani. Angalia kwapani. Pasafi. Nani anatoka jasho kwenye pindo la kanzu?"

Hakujibu. Akachukua risiti yangu, akaigeuza, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Soma nyuma." Nyuma kumeandikwa hawahusiki na nguo kuchuja, kusinyaa wala kupata madoa. Sasa wanahusika na nini? Nguo ikija kwa dobi haina doa ikaondoka na madoa, na dobi hahusiki, anayehusika ni nani? Kile kidole bado nakiona. Angeniambia "mama, pole" nisingeandika haya, wallahi. Neno moja tu. Mimi ni mtu mzima, najua nguo huharibika, na kufua ni kazi ngumu. Lakini unisukumie karatasi kwa kidole, na mbele yangu iko nguo ya baba yangu!

Nilipotoka, kijana mmoja wa kule nyuma kwenye mashine akanifuata mpaka barabarani. Sitasema lolote la kumtambulisha, asije akapoteza kibarua. Akaniambia, "Shikamoo mama. Samahani sana. Ni maji." Siku ile bomba halikutoka, wakavuta maji ya kisima, na mtu akatia jiki ili kanzu ing'ae. Basi. Hilo ndilo lililotokea, na kaunta wanalijua.

Sisi tunaotumia maji ya kisima hapa Dar tungepaswa kulijua hili wote, maana wengi tunaharibu sare za watoto wetu kisha tunalaumu sabuni. Visima vingine vina madini ya chuma. Yanapochotwa maji ni meupe pe, huoni kitu. Acha ndoo usiku kucha, asubuhi utakuta mashapo mekundu chini. Hiyo ni kutu. Ukitia jiki huharakishi usafi, unaharakisha kutu: ile klorini inaigeuza chuma iliyoyeyuka kuwa kutu papo hapo, nayo inakaa kwenye nyuzi za nguo. Ndiyo maana mtu anaona shati limekuwa la njano, anaongeza jiki, linazidi, anaongeza tena. Nilijaribu mwenyewe: glasi ya maji ya kisima cha jirani, matone machache ya jiki. Hata sikukaa sana, maji yakawa na rangi ya mkojo.

Kanzu niliiokoa. Kwanza niliisuuza na kuisuuza mpaka harufu ya jiki ikaisha kabisa, na hapa nawasihi msifanye haraka, kwa sababu jiki ikikutana na ndimu au siki inatoa hewa ya sumu inayokaba kifua. Maji ya kusuuzia yalikuwa ya mvua, niliyakinga uwanjani moja kwa moja kwenye beseni, siyo yale ya bati letu kuukuu lenye kutu. Kisha ndimu. Nilikamua juu ya kila doa, nikanyunyiza chumvi, nikaitandaza juani na kulinda isikauke, ikikauka naongeza ndimu. Kasiri niliifunika taulo isiguswe na chochote. Baada ya kama nusu saa doa la kwanza lilianza kufifia pembeni, likawa kama alama ya kikombe mezani, kisha likapotea. Nilipiga vigelegele peke yangu uwanjani. Mengine yalitaka mara mbili, mara tatu. Lililobaki ni moja karibu na pindo, dogo, lazima uoneshwe ndipo ulione.

Nilipofika hapo roho ilitulia, nikawaza nisiwachafulie jina watu. Pasi yao sijaona mfano wake, mashati ya mume wangu yanatoka kama mapya, na yule kijana ana adabu na anajua kazi. Nikasema niwape alama za wastani. Kisha nikakumbuka: ndimu sita. Ndimu sita na chumvi ya jikoni! Wao wana mashine, wana wafanyakazi, wana kijana anayejua kabisa tatizo ni nini, na hakuna aliyeona kanzu ya watu inafaa kukamuliwa ndimu kabla ya kukunjwa na madoa kufichwa ndani. Maana yalifichwa. Mkunjo ule haukuwa wa bahati mbaya. Hapana, wastani siwapi. Siwapi chochote.

Mnaopeleka nguo nyeupe kwa dobi yeyote, ulizeni siku hiyo anafulia maji gani, na mwambieni jiki asitie. Fungueni nguo pale pale kaunta, mbele yao, kabla hamjatoka. Kama mnafua nyumbani na kisima ndicho mlicho nacho, tulizeni maji usiku, mteke ya juu taratibu, mashapo yabaki, na maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua.

Mwanangu aliivaa. Alipoinama kumbusu mama mkwe wake mkono, ile kasiri ilikaa vile vile ilivyokaa kwa baba kwenye picha, na mimi nikalia mbele za watu.

Mapazia yangu mawili ya sebuleni bado yako pale dukani, niliyapeleka pamoja na kanzu. Kesho asubuhi naenda kuyachukua, yawe yamefuliwa au hayajafuliwa.